Fundi wa mtaa, wa dukani, wa mtandaoni au kampuni: nani wa kumwita nyumba inapoharibika Dar es Salaam?

Dar es Salaam haina uhaba wa mafundi. Ukisimama Buguruni, Tandika au Manzese na kuuliza nani anaweza kurekebisha bomba, watajitokeza wawili kabla hujamaliza kuuliza, na mmoja wao ataongeza kwamba anafanya umeme, vigae na rangi pia. Ugumu unaanza baada ya hapo, katika kujua ni yupi kati yao anayeijua kazi kweli, na kama simu yake itapokelewa mwezi ujao bomba lilelile likianza kuvuja upya. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba au mpangaji aliyekwama hapo, mwenye kasoro inayohitaji kurekebishwa na asiyejua aanzie kwa nani.

Njia za kumpata fundi ni nne kuu. Ya kwanza ni fundi wa mtaa, anayeishi au anayefanya kazi jirani, ambaye umeelekezwa na shemeji, na Mangi wa dukani au na mjumbe. Ya pili ni fundi wa dukani: maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, kuanzia yale ya Kariakoo na Gerezani hadi ya kona za Kimara na Mbagala, huwa na mafundi wanaokaa kwenye benchi nje, wakisubiri mteja aliyenunua koki aulize nani atamfungia. Ya tatu ni fundi wa mtandaoni, anayejitangaza kwa picha za Instagram au kupitia makundi ya WhatsApp. Ya nne ni kampuni, yenye ofisi, TIN, na mtu wa kupokea simu ambaye siye atakayekuja kuifanya kazi yenyewe.

Vigezo vya kulinganishia

Nimetumia vigezo vinne kwa wote: ujuzi na namna ya kuuthibitisha, gharama pamoja na jinsi vifaa vinavyonunuliwa, muda, na uwezekano wa kumrudisha fundi kazi yake inapoleta matatizo. Hiki cha mwisho ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Kazi nyingi za nyumba haziharibiki mbele ya macho. Kiungo cha bomba kilichochomwa vibaya hupitisha maji vizuri siku ya makabidhiano, na waya mwembamba huwasha taa sawasawa na waya mnene. Kasoro hujitokeza baadaye, wakati fundi yuko kwenye kazi nyingine upande wa pili wa jiji na pesa zake ameshamaliza kuzitumia.

Kabla ya kulinganisha, ziko kazi zisizomhusu yeyote kati ya hawa wanne. Umeme kutoka nguzoni hadi kwenye mita ya LUKU ni jukumu la TANESCO, na maji hadi kwenye dira ni jukumu la DAWASA. Mita ikigoma kupokea tokeni, au bomba likipasuka kabla ya dira, toa taarifa kwa shirika husika na usubiri, hata kama kusubiri kunaudhi. Vishoka wanaishi kwa kutegemea wasiotaka kusubiri: mtu anakuja na ngazi na bisibisi, anadai ana mwenzake ofisini, anaifungua mita, anachukua chake, na siku ya ukaguzi anayekutwa na mita iliyochezewa ni mwenye nyumba.

Ujuzi na uthibitisho wake

Fundi wa mtaa kwa kawaida amejifunza kwa kumfuata fundi mwingine, akianza kama kibarua wa kubeba mchanga, kisha saidia fundi, mpaka siku alipopewa kazi yake mwenyewe. Hilo si dosari. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo fundi aliyejifunzia kazini hupimwa na kupewa cheti, kwa hiyo si kosa kumuuliza kama anacho. Wengi hawana, na baadhi yao ni hodari kabisa. Uthibitisho wao ni kazi zilizo jirani, ambazo unaweza kwenda kuziona kwa miguu. Ukimpata mteja wake wa zamani, usimuulize kama fundi yule ni mzuri, maana atasema ni mzuri ili asimharibie kijana riziki. Muulize kama aliwahi kumwita tena, na kama alikuja.

Fundi wa dukani ana faida ya kushinda kwenye vifaa. Anajua ni pampu zipi zinarudishwa na wateja na ni koki zipi zinakufa baada ya miezi michache, na kwa kuwa kila siku anakutana na kasoro za aina moja, mkono wake katika kazi hiyo ni mwepesi. Anayekuelekeza kwake, hata hivyo, ni muuzaji ambaye biashara yake ni kuuza, na sifa anazompa fundi huenda zinatokana tu na kwamba fundi huyo humletea wateja.

Kwa fundi wa mtandaoni, kinachoonekana ni mwisho wa kazi: bafu linalong'aa, dari ya jipsamu yenye taa za rangi. Picha haionyeshi mteremko wa sakafu wala kilicho nyuma ya kigae, na haithibitishi hata kwamba kazi ni yake. Omba video ya kazi inayoendelea sasa, au bora zaidi, omba uitembelee. Nitawatendea haki kwa kusema kwamba vijana wengi waliotoka vyuoni wamejenga majina yao mtandaoni, na kwa kazi za kisasa kama kamera za ulinzi, sola na mageti ya umeme, mara nyingi wanamzidi fundi mkongwe wa mtaani.

Kampuni ina karatasi, na ni vizuri kujua kila karatasi inasema nini. Usajili wa BRELA unaonyesha kwamba biashara ipo kisheria. Hausemi lolote kuhusu mkono wa fundi. Usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi ni jambo zito zaidi: una madaraja saba, la kwanza likiwa la juu, na daraja ndilo linaloweka ukubwa wa kazi ambayo mkandarasi anaruhusiwa kuifanya. Hata hivyo kampuni nyingi ndogo hazina mafundi wa kudumu. Zinapopata kazi huita mafundi wa nje, na si ajabu anayekuja na fulana yenye nembo akawa yuleyule uliyemwona juzi kwenye benchi la duka. Unachonunua kwa kampuni, ikiwa ni kampuni ya kweli, ni usimamizi wa huyo fundi pamoja na mtu wa kuwajibika akikosea.

Umeme niuweke peke yake. Iwe ni fundi wa mtaa au wa kampuni, kazi ya kutandaza nyaya inapaswa kufanywa na mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), ambayo hutolewa kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Muulize fundi leseni yake na usome jina lililoandikwa, kwa sababu wako wanaotembea na nakala ya leseni ya mwalimu wao. Muulize pia atatumia waya gani. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na jiko au hita huhitaji waya mnene zaidi. Anayetaka kupitisha 1.5 kila mahali kwa sababu eti haina tofauti, mshukuru kwa kuja na umpe nauli.

Gharama, vifaa na cha juu

Ukitazama pesa ya ufundi peke yake, fundi wa mtaa ndiye wa bei ya chini, wa dukani anamkaribia, wa mtandaoni hupanda au kushuka kulingana na jina lake, na kampuni iko juu kwa sababu inalipa kodi, ofisi na usafiri. Kampuni iliyosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani itaongeza kodi hiyo pia, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Ila pesa nyingi ya matengenezo haiko kwenye ufundi. Iko kwenye vifaa, na huko ndiko hesabu za fundi wa bei nafuu zinakogeuka.

Tazama mambo yanavyokwenda kwenye kaunta ya Kariakoo. Fundi anaingia na mteja, anamsalimia muuzaji kwa jina, anaagiza "ile ya siku zote", na muuzaji anataja bei bila hata kugeuka kutazama rafu. Mteja analipa na kuondoka na mzigo wake. Jioni fundi anapita peke yake kuchukua cha juu. Si kila fundi anafanya hivi, na wako wanaosema wazi kwamba wanapewa kitu kidogo na duka kwa kuleta mteja, jambo ambalo binafsi sioni ubaya wake likisemwa wazi. Ubaya unakuja pale cha juu kinapoamua ununue nini, ukaishia na bomba hafifu kwa sababu tu linampa fundi faida kubwa.

Dawa yake ni kumwomba fundi akuandikie orodha yenye vipimo na idadi, kisha uulize bei kwenye maduka mawili au matatu bila yeye kuwepo. Orodha iwe kamili. Ikiandikwa "bati" tu, uliza ni geji gani, maana geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32, ingawa namba zinamdanganya asiyezoea. Ikiandikwa "bomba la PPR", yaani la plastiki linalounganishwa kwa joto, uliza kama ni la maji baridi au ya moto. Chukua risiti ya EFD, tafuta alama ya TBS hasa kwenye nyaya, na kubaliana na muuzaji kwamba kisichofaa kitabadilishwa. Njia hii ina gharama yake pia: asiyejua vifaa akienda peke yake huuziwa feki kwa urahisi kuliko fundi, kwa hiyo kwa kazi kubwa nenda naye, lakini bei ziwe umeshazijua.

Pesa ya vifaa na pesa ya ufundi zisichanganywe. Fundi wa mtaa ana mazoea ya kusema, "Mama, naomba ya vifaa kwanza, ya ufundi hatuwezi kushindwana." Jibu la heshima ni moja: "Fundi, ya ufundi tuiongee sasa hivi, kabla hujafungua begi." Kazi isiyokubaliwa bei mwanzoni hugeuka ugomvi mwishoni, huku ukuta ukiwa tayari umetobolewa. Pesa ya ufundi ilipwe kwa mafungu, fungu la mwisho likisubiri majaribio ya kazi. Nao mafundi wana lao la kusema, kwani wateja wanaoingia mitini baada ya kazi ni wengi, na advansi wanayoomba mara nyingi ni woga wa kudhulumiwa. Kuandika makubaliano kunawalinda wote wawili.

Kwa fundi wa mtandaoni kuna tahadhari ya ziada: usitume pesa ya vifaa kabla hajafika na kuiona kazi. Unapotuma kwa simu, soma jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha malipo, na kama si lile lililo kwenye kitambulisho chake, simamisha muamala uulize.

Muda

Fundi wa mtaa hufika mapema kuliko wote kwa sababu haumii kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro au ya Bagamoyo. Tabia yake mbaya ni kuchukua kazi tatu kwa pamoja, akaanza zote ili asizikose, na kila mteja akaambiwa "nipo njiani". Wa dukani huja siku hiyohiyo kwa kazi ndogo, lakini kwa kazi ya siku kadhaa mteja mpya akitokea dukani anaweza kukatisha. Wa mtandaoni anategemea anakaa wapi. Anayetoka Chanika kwenda Tegeta atafika saa nne akiwa amechoka. Kampuni huchelewa kuanza, kwa kuwa kuna kuja kuangalia kazi, kuna nukuu ya bei, kuna kupanga ratiba, lakini ikishaanza kwa kawaida humaliza.

Msimu nao unaamua. Masika ya Machi hadi Mei yakishaingia, mafundi wa paa hawashikiki, na kabla ya Idi na Krismasi ni hivyohivyo kwa mafundi rangi. Anayekaa karibu na bahari, Kunduchi, Msasani au Kigamboni, akague paa lake kabla ya mvua, maana hewa ya chumvi hula misumari mapema na mara nyingi pavujapo ni kwenye tundu la msumari, wakati bati lenyewe bado ni zima. Kazi hiyo ikifanywa Januari au Februari ni ndogo.

Kumrudisha

Fundi wa mtaa ana dhamana isiyoandikwa. Unajua kwao, unamjua mama yake, na jambo likishindikana lipo kwa mjumbe au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ambako fundi anayetaka kuendelea kuishi hapo hapendi kuitwa. Ukaribu huohuo una upande wa pili: watu wengi hushindwa kumdai fundi ambaye ni mtoto wa jirani, wakanyamaza na bafu linavuja. Ukijijua una haya za namna hiyo, afadhali umwite mtu usiyemjua.

Kwa fundi wa dukani, swali la kumuuliza muuzaji kabla ya kazi ni kama duka linahusika fundi akiharibu. Wengi watajibu kwamba wao wanauza vifaa tu, na hilo ni jibu la ukweli linalokusaidia kuamua. Wa mtandaoni anaweza kubadili laini na kufungua ukurasa mpya, ingawa mwenye ukurasa wa miaka mingi huogopa sana lalamiko la hadharani. Kampuni hutoa dhamana ya maandishi. Isome, kwa sababu baadhi hukoma fundi mwingine akigusa kazi.

Sheria ya Tanzania inayatambua makubaliano hata ya maneno matupu. Kinachosumbua ni kuyathibitisha. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kutumika kama ushahidi, kwa hiyo hata kama hamtaandikiana mkataba, mtumie fundi ujumbe unaotaja kazi, bei, vifaa na tarehe, naye ajibu kwamba amekubali. Shauri dogo la namna hii likifika mbali huanzia Mahakama ya Mwanzo.

Njia bora ya kuepuka kumtafuta fundi ni kuipima kazi angali yupo. Mwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya bafu utazame yanaelekea wapi: yakituama kwenye kona, mteremko haupo, na hakuna maelezo yatakayoufanya uwepo. Gonga kila kigae kwa mpini wa kisu. Kinacholia utupu hakikushika saruji. Mabomba ya ndani ya ukuta yajazwe maji na yalale usiku mzima kabla ya plasta, hasa ya PPR, kwa kuwa fundi akiipasha joto kupita kiasi plastiki huyeyukia ndani na kuziba nusu ya tundu, na kosa hilo hutaliona kwa nje; utalijua tu maji yakitoka kidogo bombani ilhali tanki limejaa.

Kwa hali ipi, yupi

Kwa kazi ndogo inayoonekana kwa macho, kama kitasa, koki inayodondosha au chemba iliyoziba, fundi wa mtaa anatosha na ndiye anayestahili kupewa, kwani kazi hizi ndizo zinazokusaidia kumjua kabla hujamkabidhi kubwa. Kwa kufunga kifaa kipya, mathalani pampu, hita au floti ya tanki, fundi wa dukani ana mantiki zaidi: kifaa na aliyekifunga vimetoka sehemu moja, na duka lililokubali tangu mwanzo kuhusika haliwezi kusema kwa urahisi kwamba kosa ni la mtu mwingine.

Kwa kamera, sola, jipsamu au geti la umeme, mtafute mtandaoni, mkutane ana kwa ana, na umpe kwanza sehemu ndogo ya kazi. Lakini kama mchana nyumbani anabaki dada wa kazi na watoto, mtu wa mtandaoni asiingie bila mtu mzima wa familia kuwepo, na nakala ya kitambulisho chake cha NIDA ibaki kwako.

Kubadili nyaya za nyumba nzima, kuezua paa, au kubomoa bafu hadi tofali ni kazi za kampuni yenye usajili unaoeleweka, kama bajeti inaruhusu. Isiporuhusu, chukua fundi wa mtaa aliyepimwa kwa kazi ndogo, na umlipe fundi mwingine aje kukagua kabla ya kufunika. Ufa mpana kwenye nguzo au bimu usimwonyeshe fundi yeyote kabla mhandisi hajauona.

Mpangaji azungumze na mwenye nyumba kabla ya kuita mtu, apate kibali cha maandishi na atunze risiti, maana pesa iliyotumika bila ridhaa ni ngumu kukatwa kwenye kodi. Mwenye nyumba mara nyingi ana fundi wake, na kumkubali huyo kunakuondolea lawama, hata kama si hodari sana.

Kwa aliye mbali, anayefanyia matengenezo nyumba ya Dar akiwa Mwanza au nje ya nchi, kampuni inafaa zaidi, ila msimamizi asiwe wa kampuni hiyohiyo. Alipe kwa hatua, na kila hatua aletewe picha, zikiwemo za mabomba na nyaya kabla ukuta haujapigwa plasta, futi ikiwa imewekwa pembeni, kwa sababu fundi atakayekuja miaka mitano baadaye atahitaji kujua atoboe wapi.